Ukuta wa Magazeti Mawili

Ukuta uliotutenga na chumba cha jirani yetu, fundi wa cherehani, ulikuwa mwembamba kiasi kwamba fundi akipiga chafya, sisi upande huu tulijibu kwa kumwombea afya. Ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulidondoka, kwa hiyo kila upande ulibandikwa magazeti ili vumbi lisiingie kwenye chungu. Nyumba nyingi za mtaa wetu wa Kisangani zilivaa magazeti namna hiyo. Unapika uji wa unga wa muhogo, unaupaka kwa ufagio, unabandika. Ila kwetu mambo yalikuwa zaidi: upande wetu ulivaa gazeti la chama kimoja, na upande wa fundi ulivaa gazeti la chama kingine.

Tonton, mume wa mama yangu mdogo, alikuwa seremala. Alinipokea nilipotoka Bengamisa kutafuta kazi. Mchana nilisukuma magogo kwenye kiwanda cha mbao, jioni nikaenda shule ya watu wazima, na kwa kuwa mimi pekee uani nilijua kusoma bila kutoa jasho, nikawa msomaji wa pande zote mbili. Nilimsomea tonton gazeti lake, kisha nikazunguka nje, nikaingia kwa fundi wa cherehani baada ya swala yake ya magharibi, nikamsomea lake. Sauti ya tonton akisifu chama chake ingeweza kuwaamsha mamba walioko Yangambi. Fundi alitoka katika familia za Waislamu wa zamani za mji huu, mtu wa maneno machache; lakini akiyatoa, yalikuwa na sindano.

Magazeti yenyewe, Mungu atusamehe, hayakuwa na haya. La kwetu liliandika kwamba viongozi wa kile chama kingine wamewauzia Wazungu nchi, mto na samaki walio ndani yake. La fundi likajibu kwamba wa kwetu ni walevi wanaoahidi kila mtu gari na mke wa pili. Nilisoma, na tonton akagonga ukuta kwa ngumi.

"Wee fundi, umesikia vile gazeti imesema?"

"Nimesikia," sauti ikajibu toka ng'ambo. "Uongo."

"Uongo ni ya gazeti yako. Minasema hivi, bakubwa yenu wako nanunua suti tu, watu wako nalala njaa."

"Suti nashona miye, voisin, jirani yangu. Mwenye kushona suti hawezi chukia mwenye kuvaa."

Basi tonton akacheka mpaka misumari ikatikisika kwenye sanduku lake. Mama mdogo alikuwa mtoto wa wavuvi wa maporomoko, na sokoni alifungia samaki kwa gazeti lolote lililomfikia mkononi, akisema samaki hana chama. Yeye peke yake hakuwahi kugonga ukuta ule. Ndiyo ilikuwa jioni yetu, tangu mwaka wa uhuru. Mtu akikosa kugonga, mwingine aliuliza kama ni mgonjwa.

Kisha mambo yakageuka. Kiongozi tuliyempenda mjini aliuawa mbali, gazeti letu likafungwa, na kwa muda lile la fundi ndilo likawa la serikali. Fundi hakujigamba hata kidogo. Alisema tu, kwa upole uliomuudhi tonton kuliko matusi, kwamba sasa nimsomee polepole ili jirani naye apate habari. Tonton hakubandua hata ukurasa wake mmoja. Picha za marehemu zilibaki upande wetu, zikigeuka rangi ya chai, na jua la jioni lilipoingia mlangoni yale macho yalionekana kukusikiliza. Mimi, kijana wa kubeba magogo, nilijifunza kula nikiwa nimeyapa mgongo.

Waasi walipouchukua mji, kipindi cha mvua kilikuwa kimeshaanza. Mji ulinyamaza. Hata maporomoko, nakuapia, yalishusha sauti. Vijana wenye majani na vipande vya ngozi kichwani wakaanza kuzunguka mitaa wakitafuta watu wa serikali, na habari ikafika sokoni kwamba wanaingia ndani wanatazama kuta. Upande wetu ulikuwa salama: nyuso zile ndizo walizozipenda. Upande wa fundi, katikati ya ukuta, juu ya cherehani, ilikuwepo picha kubwa ya bwana mmoja mwenye mashavu na tai, mkubwa wa chama chake. Kwa picha kama ile mtu alichukuliwa, na waliochukuliwa hatukuwaona tena.

Fundi alijaribu kuibandua. Lakini alikuwa ameipaka uji kwa mapenzi ya miaka mingi, na kila alipovuta, udongo ulikuja nayo. Tobo likaanza kufunguka mpaka nikaona jicho lake moja toka kwetu.

"Acha," tonton alisema kupitia tobo. "Utaangusha nyumba. Tutamufunika."

Akafungua sanduku lake la zana na kutoa magazeti ya zamani ya chama chetu, yale aliyoyaweka kama watu wanavyoweka nguo za harusi. Mama mdogo akapika uji. Asubuhi hiyo yote tulibandika, tonton na mimi na fundi, gazeti letu juu ya gazeti lake. Fundi alipaka uji akiwa ameuma midomo.

"Leo umeingia chama changu," tonton akamtania.

"Ukuta ndio umeingia," fundi akasema. "Miye bado nafikiri."

Kosa letu lilikuwa dogo, na mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Tulisahau mvua. Wakati wa kiangazi uji ule unakauka kabla hujanawa mikono. Siku ile hewa ilikuwa maji matupu, na karatasi ya gazeti ikilowa inakuwa kama ganda la kitunguu, unaona ng'ambo yake. Tulikuwa tukiufagia uji uliomwagika, mara fundi akaacha ufagio. Yule bwana mwenye mashavu alikuwa anarudi. Kwanza tai, kisha kidevu, kisha macho mawili, akipanda taratibu kupitia maneno ya gazeti letu kama mtu aliyezama anayerudi juu ya maji.

Uani mbwa wakabweka, kisha wakanyamaza.

Tonton aliweka mgongo wake ukutani, juu ya uso ule, akakunja mikono kama mtu anayepumzika. Alivaa shati lake la kazi, gumu kwa vanishi na gundi ya mbao. Vijana watatu waliingia. Mmoja, mwenye bunduki, alitazama kuta zote, akatazama picha za marehemu kwenye magazeti yetu mabichi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilianza kupumua.

"Wewe mzee, toka pale. Njoo hapa," akasema.

Tonton akatoka. Gundi, uji na jasho vilikuwa vimeshakubaliana: ukurasa ukabanduka ukutani ukaja naye, umemng'ang'ania mgongoni, na nyuma yake bwana mwenye mashavu akabaki wazi, amelowa, anatutazama sote.

"Hii chumba ni ya nani?"

Nilimwona fundi akifungua mdomo. Tonton alimtangulia.

"Yangu. Huyu fundi iko ananishonea tu. Chumba yake ni ile ya ng'ambo. Muende mutazame, iko safi." Akatoa mfukoni kadi ya chama chetu, aliyoibeba tangu mwanzo. "Bon, mimi ni mutu wenu. Ile picha ni ya zamani. Nitaelezea bakubwa wenu."

Yule kijana aliitia kadi mfukoni bila kuitazama. Mmoja wao akaenda upande wetu, akarudi akasema kweli, ni safi. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, ipo motoni. Tonton alimwambia asiiondoe jikoni. Atarudi kabla haijaiva. Alikuwa na hakika. Mtu aliyesifu chama kwa sauti ile, nani angemdhuru?

Walipompeleka barabarani, karatasi ilikuwa bado mgongoni mwake. Ule ulikuwa upande tuliokuwa tumeupaka uji, ambao hakuna aliyetazamia kuuona tena. Na mimi, ambaye macho yangu yalikuwa yamefundishwa shuleni kutopita herufi bila kuzisoma, nikausoma wakati anakwenda: WASALITI WATOLEWE NYUMBANI MWAO. Nilikuwa nimemsomea kichwa kile cha habari mimi mwenyewe, zamani, na alikipenda hata akaniomba nikirudie.

Pondu iliiva. Mama mdogo akaongeza maji, ikaiva tena. Hakurudi.

Baadaye jeshi la serikali lilirudi, na kuta zikabadilishwa tena mtaa mzima. Sisi hatukugusa zetu. Fundi hakulifunika tena lile pengo lenye ukubwa wa mgongo wa mtu. Alihamisha cherehani, akawa anashona akiwa ameligeukia. Niliendelea na shule mpaka nikapata cheti, na nikakionyesha mtaani kote kana kwamba nimeteuliwa waziri. Lakini jioni nilipokuwa nyumbani sikupenda kukaa karibu na ukuta. Kulikuwa na kimya ndani yake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Halafu jioni moja ukagongwa. Taratibu, kwa kidole.

"Mwanafunzi," sauti ya fundi ikasema. "Gazeti ya seremala inasema nini leo?"

Magazeti mapya hayakuwepo. Nikasogea ukutani nikasoma yaliyokuwa mbele yangu, rangi ya chai, kuhusu mto uliouzwa pamoja na samaki wake. Sauti ilitaka kunikimbia, nikaipandisha, nikaipandisha tena, mpaka ikakaribia ile ya kuamsha mamba.

"Uongo," fundi akasema.

Kisha akangoja. Nilijua anangoja ngumi ya tonton, na yangu haikuinuka.

Nyuma yangu mama mdogo akaacha chungu. Alikuja na mwiko mkononi, akapiga ukuta kwa ngumi, udongo ukadondoka.

"Uongo," akasema, "ni ya gazeti yako."