Jina Nililopewa na Dada

Dada yangu ni kiziwi tangu utotoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria kila mahali: hospitalini, sokoni, hata kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Bwaise. Akitaka kuniita, hugusa sikio kwa vidole viwili, kisha hupunga vidole hivyo pembeni. Wageni wakiuliza maana yake, niliwaeleza kwa majivuno kwamba mimi ndiye masikio yake.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alimletea dada glavu yenye nyaya, inayosoma ishara na kuzitamka kupitia simu. Kwa wiki mbili dada aliifundisha, akifanya ishara moja moja na kuandika maana ya kila moja. Waliichagulia Kiswahili, lugha ya jeshini iliyokuwa ya nyumbani kwetu tangu baba alipokuwa askari. Siku ya kuionyesha, ilitoka sauti nzito ya kiume, kama ya afande kwenye gwaride, na mama akajikuta amekaa wima.

Dada akanitazama, akaniita kwa ishara ile ile ya sikio, kisha akaongeza nyingine.

"Hasikii, lete chai," glavu ikaamrisha.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nikamgeukia mwanafunzi, nikaanza kumweleza kwamba mashine yake imekosea, kwamba jina langu nalijua vizuri, na kwamba mkalimani wa nyumba hii ni mimi.

"Mnaona?" ikasema ile sauti ya afande nyuma yangu. "Hata sasa hajaniuliza mimi."