Kamba Moja, Mbwa Wawili

Nimekaa na aibu hii karibu mwaka mzima, na nikiwasimulia leo chekeni pale mwanzo tu, kwa sababu mwisho wake mimi mwenyewe bado unaniuma. Mimi, Akiru, mwalimu mzima wa shule ya msingi, nilianguka kifudifudi juu ya nyama ya wazee mbele ya ukoo wote, siku ya maombi ya kumkumbuka marehemu baba yangu.

Yote yalianza na mtoto wa mbwa. Isiolo mjini kuna kituo kinachookota mbwa waliotupwa, nao huomba watu wakae na watoto wa mbwa wiki chache mpaka apatikane wa kuwachukua kabisa, nami nikajitolea (nani alinituma?) nikapewa kamoja ka kahawia, ka miezi minne, nikakaita Biskuti. Dada wa kituo akaniuliza kama nyumbani kuna mbwa mwingine. Nikamwambia yupo Jeshi, mbwa wa baba, mzee sasa.

"Basi wakati wa chakula hako kadogo kafunge," akasema. "Huyo mkubwa mwache tu."

Nikaitikia kama wanafunzi wangu wanavyoitikia, yaani bila kusikia.

Jeshi alichunga mbuzi wa baba huku Ngaremara tangu akiwa mdogo, na baba alimfundisha jambo moja ambalo wageni walikuwa hawaamini: mbuzi akizaa malishoni na kitoto kikabaki nyuma, Jeshi alikibeba kwa mdomo polepole na kukiweka miguuni pa baba, bila alama ya jino. Hakuwahi kufungwa kamba maisha yake yote. Baba alipofariki, alihamia mlangoni kwangu, akawa analala hapo kila siku.

Siku ya maombi nilimfunga Biskuti kwenye nguzo ya stoo, kama nilivyoambiwa. Lakini katekista alipofungua Biblia, kale kambwa kakaanza kulia utadhani kanachinjwa, watu wakageuka, mama akanitazama kwa yale macho yake.

"Akiru, nyamazisha hiyo kitu."

Kamba ilikuwa moja, na kuwaacha wote wawili huru niliogopa, maana walishazozana mara mbili juu ya sufuria. Nikamfungua Biskuti, nikamwita Jeshi, nikamfunga yeye. Nilimchagua kwa sababu halalamiki. Alinipa shingo yake akakaa chini, nami nikarudi kwenye maombi nikijiona mwerevu.

Sasa, kwetu Waturkana nyama ya siku kama hiyo hupangwa juu ya matawi, wazee wanakaa nusu duara, hakuna anayegusa kabla ya mkubwa wao, na mwanamke haingii pale. Biskuti hakuyajua hayo. Alipita katikati ya miguu ya wazee, akanyakua kwa mfupa wake kipande kilichowekwa mbele ya Baba Mkubwa, kaka yake baba, na mimi (akili zilikwenda wapi sijui) nikaingia mbio kumfukuza, na gauni langu la kanisani, nikateleza juu ya matawi, nikalala kwenye nyama kama blanketi. Vijana walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wazee hawakucheka.

Nilipoinua uso nilimwona Jeshi akiwa amekata kamba. Alimbana Biskuti nyuma ya tangi la maji, akamnyang'anya ile nyama, akaja nayo polepole mbele ya watu wote, akaiweka miguuni pa Baba Mkubwa. Kisha akakaa, akangoja.

Baba Mkubwa alikuwa amegeuka kuniangalia mimi, kwa hiyo aliona nyama na mbwa tu.

"Akiru, ni hii mbwa imeiba?"

Ningesema hapana. Lakini ningelazimika kueleza Biskuti ni nani, na kwa nini mbwa wa marehemu alifungwa siku ya marehemu, nami tayari nilikuwa na mafuta mpaka kwenye nywele na watu wote wananitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

Alimpiga fimbo mbili mgongoni. Jeshi hakubweka. Alinitazama mimi, akainuka, akaenda zizini.

Hakulala tena mlangoni kwangu. Nilimpelekea maziwa, nilimbembeleza, alikula na kurudi kwa mbuzi. Dada wa kituo alipopiga simu kuuliza hao wawili wanaendeleaje, nikajibu wanaelewana sana. Biskuti alipata familia nzuri mjini, na mvua zilipoanza tukamkuta Jeshi amekufa kando ya zizi.

Baba Mkubwa alikuja kunisaidia kuchimba, na hapo ndipo nilipomwambia ukweli. Alichomeka jembe kwenye udongo.

"Nilishangaa," akasema. "Ile nyama haikuwa na alama ya jino." Kisha akaniuliza, "Mbona hukusema? Ningemwita siku ile ile, nimpe ile nyama."

Nikalichukua jembe lake, nikaendelea kuchimba. Ninachojua ni kwamba sitamfunga tena asiyelalamika ili anyamaze anayelia, awe mbwa au mtu. Ile kamba bado iko kwenye nguzo ya stoo, kipande kilichobaki. Mama husema niitoe, namwambia kesho.