Sukari ya Kumnyamazisha Fundi

Juzi nimekisoma tena kile kitabu cha mauaji ya shamba la mkonge. Jalada lake lilishakwenda zamani. Siku hizi kimevaa karatasi ya mfuko wa saruji, na mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa cherehani. Muuaji namjua, nimemjua tangu enzi za foleni. Hata hivyo, nilipofika pale taa ya ofisini inapozimika na mtu anashika kitasa kwa nje, niliinuka kwenda kuangalia kama mlango wangu nimeufunga. Nikarudi kuangalia tena. Hiyo ya kurudia nimeirithi kwa mama.

Mama alikuwa anauza nazi Kariakoo. Alitoka kusini akiwa na mimi mgongoni, hajui herufi hata moja. Kila nazi aliyotaka kununua aliitikisa sikioni, akaigonga, akaigeuza, akaigonga tena. Wenye mali walipomwona anakuja walianza kuguna.

"Mama, hiyo ni nazi, siyo mlango. Hakuna atakayekufungulia."

Yeye anagonga tu, na nazi mbovu hakuwahi kubeba.

Kisomo cha watu wazima kilipoanza, alijiandikisha na wenzake wa sokoni. Alipofaulu wakampa vitabu vya kuendelea navyo: kimoja cha kufuga kuku, kingine cha kilimo bora cha pamba. Akavisoma vyote, kisha akaviweka mezani.

"Mimi nakaa mtaa wa Gerezani. Pamba nikailime kwenye reli?" Akanyoosha mkono. "Nipe hicho mnachogombania."

Tulichokuwa tunagombania ndicho hicho cha shamba la mkonge. Kilikuwa kimezunguka nyumba yetu nzima ya wapangaji, chumba hadi chumba, na hapo ndipo penye shida: katika nyumba ile kila mtu alimjua muuaji isipokuwa mama. Ndicho kitabu chake cha kwanza cha hadithi maishani, anakisoma kwa kidole, ukurasa mmoja unaivisha maharage, na kuta zote zina watu wenye midomo. Nikaapa atafika mwisho kwa miguu yake, bila mtu kumtangulia kumwambia.

Nikaanza kupita milango, kununua ukimya. Ile familia ya Kilimanjaro ya chumba cha mbele ilikubali nazi. Vijana wawili wa karakana ya reli walitaka niwafulie ovaroli. Nikawaambia nafua moja, wachague wenyewe ni ya nani. Akabaki fundi cherehani wa barazani.

"Dada, mdomo wangu kuufunga ni kazi," alisema, na pini ziko humo humo mdomoni. "Sukari. Nusu kilo."

"Nusu kilo kwa jina moja?"

"Jina lenyewe tamu."

Tulivutana mpaka tukaafikiana robo, siku yoyote mama atakapoipata. Sukari miaka ile ilikuwa na siku zake, na ukisikia imefika duka la ushirika, unaacha ulichoshika unakimbia.

Ikafika. Mama alikwenda na kikapu, na kitabu ndani ya kikapu. Kama kawaida, kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari kushika nafasi, halafu akatafuta pa kujisitiri na jua. Mstari ukisogea, unatoka kivulini kusogeza jiwe lako. Mama aliweka la kwake, akaketi ukutani, akafungua kitabu. Alikuwa amefika pale pa kitasa. Mawe ya wenzake yakasogea. La kwake likabaki kando ya mtaro peke yake, kama limefiwa. Aliponyanyua macho, muuzaji alikuwa anafunga mlango.

Alirudi na kikapu kitupu, anacheka. "Mwanangu! Yule mtu wa nje ya mlango!"

Fundi akasimamisha cherehani. "Mama, sukari yangu iko wapi?"

"Sukari yako ipi?"

Akamweleza mkataba wetu wote, mpaka ovaroli. Mama akanigeukia. "Yaani mmeniwekea walinzi?"



"Sukari hakuna, mkataba hakuna," fundi akasema. "Natangaza."

Nilimrukia nimzibe mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Mama akanishika mkono. Akaketi barazani taratibu, kitabu mapajani.

"Mwache. Tangaza, baba."

Nyumba nzima ikatoka nje. Kijana mmoja wa reli akalalamika, "Fundi, watu wamefua ovaroli kwa jambo hili!" Fundi hakujali. Alimtaja muuaji, jina na kazi yake, kwa sauti ya mpiga mnada. Mimi nilifumba macho. Nikaona kazi yangu yote imemwagika.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Gauni langu uliniambia litakuwa tayari lini?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa ipi?"

Fundi akainamia cherehani yake.

"Na sketi ya huyu mwanangu?"

"Ijumaa!" wakaitikia wanawake wa nyumba nzima, kabla fundi hajapumua.

Mama akafungua kitabu. "Basi huyo uliyemtaja namtoa kwenye washukiwa. Ahsante, umenipunguzia kazi."

Kicheko kilifika njia panda. Tangu siku hiyo, kila mara mtu yule alipotokeza kitabuni, mama alimwonea huruma. "Maskini, fundi kamsingizia huyu." Mimi napepeta mchele, simtazami usoni.

Alimaliza jioni moja uani. Kidole kilibaki kwenye mstari wa mwisho. Halafu akapiga paja, akainuka, akaenda moja kwa moja barazani.

"Wewe! Maisha yako yote unatudanganya, siku ya kusema kweli ukachagua ile?"

"Mama, nilikuwa na hamu ya sukari. Uongo unataka utulivu."

Akarudi uani anacheka mpaka machozi, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Si umeshamaliza?" nikamuuliza.

"Nimegonga mara moja tu. Nataka nisikie alinipitia wapi."

Alikuwa katikati ya raundi hiyo ya pili alipohamia mpangaji mpya, karani mwenye kalamu mfukoni. Akaona watu wanakizungumzia kitabu hicho, akamuuliza mama muuaji ni nani hasa. Nyumba ikanyamaza bila mimi kumlipa mtu. Mama alinyoosha mgongo. Nimemwona amevaa kanga mpya sikukuu nyingi, sijawahi kumwona amependeza kama dakika ile.

"Mimi nimekisoma chote mwenyewe," alisema. "Nikimaliza tena nitakupa. Nawe usome."

Na siku ya kumkabidhi, alihesabu kurasa mbele yake, zirudi zote. Akahesabu tena.