Taa ya DPF iliwaka Kitale, ikazima kabla ya Webuye

Wakuu niaje. Hii imenipata mwenyewe juzi, siongezi chumvi, na bado nina furaha hadi nashindwa kunyamaza.

Niko Kitale. Nina pickup ya diesel, kazi yake kusambaza maziwa hapa mjini. Safari fupi fupi, washa, zima.

Wiki jana taa ya DPF ikawaka. Kwa wale hawajui, hiyo ni chujio iko kwa exhaust, inashika masizi. Ikijaa sana, gari inakosa nguvu.

Fundi wangu akapima, akaangalia oil, akasema chujio haijaziba kabisa. "Tunaweza kuitoa tuisafishe," akaniambia, "ama uipeleke mbali kwanza. Speed moja, usizime. Ikipata moto, masizi inajichoma yenyewe."

Sasa bana, kesho yake mama mkwe alikuwa anafunguliwa bandeji ya macho baada ya operesheni, hospitali Bungoma. Amekaa gizani muda mrefu, hajawahi kuona uso wa mtoto wetu Neema. Bibi yangu Nafula akauliza, "Na gari ikikwama njiani?"

Nikasema tutajaribu. Moyoni niliogopa.

Tukatoka asubuhi. Kupita Kiminini nikashika gear ya nne, rev ya injini juu kidogo ya elfu mbili, nikatulia hapo.

Karibu Kamukuywa harufu kali ikaingia.

"Baba Neema, simama, kitu inaungua."

"Ni masizi hiyo. Ngoja kidogo."

Ati ngoja, na mimi mwenyewe jasho inanitoka.

Kabla tufike Webuye, taa ikazima. Wakuu, nilipiga honi na barabara ni tupu. Nafula akacheka hadi mtoto akaamka. Pickup ikaanza kuvuta vile ilikuwa zamani.

Hospitali tulipata daktari ndio anamaliza kutoa bandeji. Mimi ni mkwe, heshima ikanibakisha mlangoni. Nafula akamweka Neema kwa magoti ya mamake.

Mama akaangalia, akaangalia tena, akashika masikio ya mtoto polepole.

"Kumbe ako na masikio ya mzee wangu," akasema. "Na nyinyi wote mmenyamaza."

Nilichojifunza: diesel yenye DPF si ya kuzunguka mjini tu. Ipatie barabara ndefu mara kwa mara. Na kama imeshapoteza nguvu kabisa ama oil ya injini imepanda kupita alama, anza na fundi, usijaribu yangu.

Wenye mmepitia hii, nyinyi huwa mnachomea masizi barabara gani? Niambieni, sahii natafuta tu sababu ya safari.