Viatu Ukingoni mwa Grini

Mashindano ya gofu yanapokaribia, nyasi za grini hukatwa fupi zaidi kila wiki, mpaka kila kosa linaonekana. Grini ni pale penye shimo na bendera, mpira unapomalizia safari. Wanaume walisukuma mashine na kuvuta rola. Sisi wanawake tuliketi mstari mmoja na visu vidogo, tukang'oa magugu, tukijisogeza kwa makalio kuelekea benderani. Tulifanya hivyo masika yote, kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa waliokuwa wanakuja Kigali na kamera zao.

Hakuna aliyetuamuru kuvua viatu. Wengi wetu tumelelewa Rwezamenyo, mtaa wa Kigali wenye Waislamu wengi, ambako viatu hubaki mlangoni, iwe msikitini au kwa jirani mwenye mkeka wake. Mahali ulipopasafisha kwa vidole hupakanyagi kwa soli. Tulivipanga ukingoni, tukaingia peku.

Wiki ya mashindano msimamizi akatuletea sote mabuti mapya. Mimi nilikuwa nimepewa kazi niliyoitamani kuliko zote: kufagia umande kwenye grini ya mwisho kwa ufito mrefu, ili mpira usisite njiani.

"Mama, vaa hii," akaniambia. "Televisheni iko hapa. Dunia yote itasema sisi iko maskini."

"Maskini iko nani, Bosi? Viatu niko navyo. Navua kwa heshima."

"Basi kama hauvai, bakia nyumbani."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nyumbani! Masika mazima tumeloa pale, halafu wageni wakibisha hodi tufichwe kama ndoo ya kudekia?

Asubuhi ya mashindano niliyavaa mabuti, nikapita mbele yake nimenyooka. Kwenye ukingo wa grini nikayavua, nikayapanga vizuri, nikashika ufito wangu. Umande ulikuwa wa baridi kweli. Nikafagia huku na huku, nyasi zikibadilika rangi nyuma yangu, na mpiga picha mmoja akanigeuzia kamera.

Bosi akaja mbio, akakwama ukingoni. Kupaza sauti hakuweza, wageni walikuwa karibu. Kunifuata pia hakuweza, maana mabuti yake yalikuwa na matope na kila hatua ingeacha alama. Akabaki kunipungia mkono: toka, toka! Nami nikampungia, kama mtu anayemsalimu shemeji yake.

Nilipomaliza nilimkuta ananingoja, uso umemvimba.

"Kesho usikuje."

Sitasema uongo. Kazi ile niliipenda. Lakini nyuma yake wenzangu walikuwa wamefika kuikagua grini ya mazoezi kwa mara ya mwisho. Walikuwa wamesikia. Walikuwa wameinama, mstari mzima, wanafungua kamba za mabuti.

Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Na wale, Bosi? Wale pia wasikuje?"