Nilivyoacha kuomba radhi kwa mkono wangu wa kushoto (Pemba, mwishoni mwa miaka ya hamsini)

Wakuu, asalaam aleikum, na wasiosalimiana hivyo, habari zenu.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na ushei, mzaliwa wa Shumba Viamboni, Pemba. Jana humu ndani mtu kauliza: kijana wake mlemavu akimaliza skuli amfanyie nini? Nyinyi mkamjibu amtafutie cha kukaa nacho nyumbani. Nimekasirika mpaka chai imenipoa. Haya yalinikuta mwenyewe, asiyeamini apite tu.

Nilizaliwa mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Kila kitu nafanya kwa kushoto, na kwetu mnajua kushoto ni mkono wa shughuli gani.

Mama alinifunza tangu mdogo: ukimpa mtu kitu, sema "niwie radhi". Akiwa mkubwa sana, kiweke chini akiokote mwenyewe.

Simlaumu. Alitaka nisitukanwe. Lakini hebu fikirieni, mtoto anaomba radhi kutwa nzima kwa sababu ya kuwa na mkono mmoja.

Nikafika darasa la nane, ambalo kwa wengi wetu ndilo lilikuwa la mwisho. Wenzangu wakaanza kutajiwa kazi. Mimi nikatajiwa baraza ya nyumbani.

Mwalimu Hamad, aliyetusomesha hesabu, ndiye aliyekataa. Akawa ananibakisha baada ya Alasiri. Nikadhani masomo ya ziada. Wapi! Ananipa chaki, kisha anasema, "Nipe." Nampa, nasema niwie radhi. Anairudisha.

"Kwani umenikosea nini? Nipe tena."

Miezi, wakuu! Chaki, daftari, kikombe cha maji. Siku niliyompa bila kuomba radhi nilijiona kama mwizi. Akapokea, akasema, "Ahsante. Mtihani wako ndio huu. Ule wa serikali mwepesi."

Hati yangu ya mkono ilikuwa nzuri (najisifu, ndiyo). Nikaandika barua ya kuomba ukarani wa dirishani kwenye ghala moja la karafuu kule Madungu, Chake. Mwenye ghala, Bwana Nassor, akajibu kwa barua: njoo, kazi yako.

Nilipotokea akautazama mkono, akaitazama barua. "Kakuandikia nani?"

Nikaomba kalamu, nikamwandikia jina lake palepale. Akaguna.

"Basi utakaa nyuma, upige alama kwenye magunia. Dirishani hapana. Wazee watapokeaje hati zao za mizani kwa nkono huo?"

Mtu mwengine angeshukuru hata kwa hilo. Mimi nikasema, "Bwana, barua yako yasema dirishani. Nipe siku moja. Nikikufukuzia watu, narudi zangu Shumba." Maneno ya kijeuri, najua.

Akakubali. Nadhani alitaka kuniona naaibika.

Ulikuwa msimu, foleni imepinda mpaka barabarani. Wa kwanza alikuwa mkulima mmoja, Mzee Faki. Karafuu zake zikapimwa, nikaandika hati, nikamnyooshea dirishani. Akaitazama tu.

"Iweke hapo."

Sikuiweka.

"Mwanangu, nakwambia iweke."

"Hati yako hii, mzee wangu. Nkono wangu ndo huu, mwengine sina."

Mkono uko nje ya dirisha, unaanza kuuma. Ile "niwie radhi" imenifika kwenye ulimi. Nikaimeza.

Mnadhani kuna aliyesimama kunitetea? Hata mmoja! Kilichoniokoa ni jua. Bibi mmoja wa nyuma, pakacha kichwani, akapiga kelele: "Mzee Faki, pokea wende zako! Jua lachoma hili, nasi twataka kupimiwa!" Foleni nzima ikadakia. Mzee akaipokea kwa vidole viwili, akaondoka anabwata.

Wa pili akapokea. Wa tatu hata hakuangalia, alikuwa na haraka zake. Jioni Bwana Nassor akaniambia, "Kesho saa moja, usichelewe."

Msimu uliofuata Mzee Faki alipokea hati yake huku ananiuliza kwetu Shumba hawajambo. Sikumkumbusha kitu.

Idi ilipofika nikaenda nyumbani na doti ya kanga ya mama. Nikamnyooshea. Akasubiri niseme lile neno alilonifunza. Sikulisema, wala sikuiweka chini. Akaipokea kwa mikono miwili, akalia. Na mimi nikalia, sifichi.

Nilichojifunza: skuli ilinipa hati nzuri ya mkono, lakini kuna mtu ilibidi anifunze kuingia kwa watu bila kuomba radhi ya kuzaliwa. Na alianza kabla sijamaliza, hakungoja nikae kwanza barazani. Mzazi uliyeuliza jana, usimtafutie kijana wako cha kukaa nacho. Mtafutie Mwalimu Hamad wake, na kama hapatikani, uwe wewe.

Wenye vijana majumbani, hebu semeni mnawafanyia nini, nitasoma zote.

Na mwenye kuniona sina adabu, karibu Shumba tusalimiane. Mkono nitakaompa anaujua.