Jinsi kuku wa mama mkwe alivyohamia kwa pikapu yangu ili vifaranga wasife

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni mtu wa Tawa, Makueni. Kwa kawaida nasoma tu za wenzangu humu, nacheka, nalala. Leo nimeleta yangu. Sijaongeza chumvi, na mwenye shaka apitie hapa nyumbani nimuonyeshe pikapu. Dashboard bado ina manyoya.

Nianze mbali kidogo.

Kwa miaka mingi nilikuwa Kibwezi nikiuza matikiti kando ya barabara ya Mombasa. Nyumbani nilikuja mwisho wa mwezi. Ilifika mahali mtoto wangu wa mwisho akiniona anajificha nyuma ya mamake. Hiyo iliniuma vibaya sana, nikaamua kurudi nifuge kuku.

Kundi la kwanza likafa lote.

Wenye mmefuga mnajua. Kifaranga anajikunyata karibu na jiko, mabawa yameanguka, huku nyuma kumegandana kinyesi cheupe kama chokaa. Kesho yake unamtoa na koleo. Nilichimba mashimo mpaka majirani wakauliza kama ninapanda maembe.

Afisa wa mifugo wa hapa kwetu, dada asiyependa maneno mengi, akaniambia hiyo ni salmonella ya vifaranga. Inaweza kuja na yai lenyewe, inaweza kuletwa na kiatu, na panya, na kuku mgeni. Akanipa masharti. Nichome maranda ya zamani, nioshe nyumba, ninunue vifaranga kwa mtu ambaye kuku wake wamepimwa, niweke footbath mlangoni, na asiingie mtu bila kukanyaga dawa. Kuku mgeni asiingie kabisa.

Mke wangu Mwende naye akaongeza sharti lake. Hawa wa pili wakifa, ile nyumba ya kuku inakuwa stoo ya mahindi na mimi narudi Kibwezi. Hakusema kwa hasira, alikuwa anakata sukuma wiki. Hapo ndipo niliogopa.

Basi nikaleta vifaranga wapya, nikaweka karai la dawa mlangoni. Ile dawa ukiweka kwa maji inageuka nyeupe kama maziwa.

Wakuu, sisi Ukambani tunajua thamani ya maji. Mtu akiona karai zima limekaa tu mlangoni, lazima atafute maana yake. Jirani yangu Mzee Kyalo, ambaye ni mzee wa kanisa, aliikanyaga siku moja akija kuniona, halafu akaenda akatangaza kwamba magaga ya miguu yake yamelainika. Jumapili baada ya ibada nikakuta foleni. Akina mama wamevua viatu, wanangoja zamu, mmoja amekuja na kigoda. Dawa ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na dawa yenye matope haiui kitu.

Niliwawekea karai lao langoni, maji ya chumvi tu. Mpaka leo wanasema yanasaidia.

Sasa tufike kwa mwenye kuku.

Mama mkwe wangu anakaa Tulia, Kitui. Kwa wasiojua, sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya wakwe. Wengi siku hizi wameacha, lakini mama huyu hajaacha. Mimi na yeye hatuangaliani usoni wala hatusemezani. Nikisikia anakuja, napita nyuma ya nyumba. Tangu nimuoe Mwende, maneno yetu yote yamepitia kwa Mwende.

Siku hiyo Mwende alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nyuma ya tanki nikiosha vyombo vya vifaranga. Nikasikia hodi, nikachungulia, nikaona leso ninayoijua. Kwapani, kuku mwekundu, mnene, macho makali.

Nikajificha vizuri nyuma ya tanki kama mkwe mwenye adabu.

Mama akazunguka boma, hakuona mtu. Kisha akasikia vifaranga wanalia. Akageuka na kuku wake akaanza kwenda moja kwa moja mlangoni kwa vifaranga.

Nilikufa kidogo. Nikitokea, nimevunja heshima. Nikinyamaza, ninarudi Kibwezi. Kumfokea mama mkwe ni jambo ambalo hata wajukuu wangu wangelisikia.

Kwa hivyo nikamfokea kuku.

"Kuku, simama hapo hapo!"

Kuku hakusimama kwa sababu alikuwa amebebwa. Mama mkwe ndiye aliyesimama.

Akaligeuzia tanki mgongo. Halafu akamwinamia kuku.

"Wewe kuku, ambia mwenye boma nimemletea mwalimu wa hao watoto. Wenzako wote walikufa kwa kuhara. Wewe ulikataa kufa. Ukikaa na wao watajifunza."

Wakuu, hebu fikirieni. Mama alikuwa amepoteza kuku wa boma zima kule Tulia, akabaki na huyu mmoja, na huyo mmoja ndiye amepanda naye magari kuniletea mimi kwa sababu alisikia nimefiwa na vifaranga. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia pale nyuma ya tanki.

Lakini afisa alikuwa ameniambia wazi. Kuku aliyeugua akapona anaweza kubaki na huo ugonjwa tumboni, mnene, mzima, anaupeana tu.

Nikamjibu kuku kwamba tumeshukuru sana, ila ndani hataingia.

"Kuku, uliza huyo mtu, ni mimi nimekatazwa ama ni wewe?"

Nikasema haraka sana kwamba ni kuku. Mama karibu leo, karibu kesho, boma ni lake. Kuku ndiye mwenye shida.

Mama akamwangalia kuku kutoka kidole mpaka kishungi, akamwambia, "Umesikia? Unaitwa mgonjwa na umenona hivi."

Zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Kumchinja siku hiyo pia haiwezekani, ni kama kumfukuza mwenyewe. Na kuku hawezi kukaa popote karibu na vifaranga. Mahali pa mbali zaidi kwa boma langu ni langoni, na langoni kuna pikapu yangu ya kubebea matikiti. Iko juu ya mawe, bila magurudumu, tangu nirudi.

Nikamtangazia kuku kwamba atalala kwa gari.

Mama akauliza kuku, kwa sauti nyingine kabisa, "Gari?"

Nikathibitisha. Kiti cha mbele.

Mama aliondoka siku hiyo ametembea wima. Kufika Tulia akaambia soko lote kwamba mkwe wake amempa kuku wake gari. Sehemu ya mawe hakuisema.

Nikawa na kazi mbili. Asubuhi nahudumia vifaranga kwanza na gumboots zao, nikimaliza naenda kwa pikapu na ndala tofauti na chombo tofauti, nanawa na sabuni, sirudi kwa vifaranga nikitoka kwake. Kuku alipenda kukaa juu ya usukani. Watu wakipita walimsalimia. Mzee Kyalo alimuuliza kama anaelekea mjini Wote ampe lifti.

Halafu akaanza kutaga, na hapo mambo yakaharibika.

Mama alituma ujumbe kupitia Mwende kwamba mayai yawekwe, yapelekwe Tulia yaatamiwe, aanze boma upya. Na si yeye tu. Wamama wa soko la Tulia walikuwa wameshabuku mayai yao. Kila mtu alitaka mbegu ya kuku mwenye gari.

Nikamwita afisa. Alimkuta kuku kwa usukani, hakuuliza chochote. Akatoa tone la damu, akachanganya na dawa yake kwenye kigae cheupe, na mbele ya macho yetu ile damu ikaganda vipunje vipunje. Akasema ni yeye, anao huo ugonjwa, na mayai yake yanaweza kuzaa vifaranga ambao tayari wameambukizwa.

Nikamwomba Mwende amwambie mamake. Akakataa. Akasema hayo ni maneno yangu na kuku.

Kwa hivyo nikaingia kwa pikapu, nikafunga mlango, nikapiga simu, nikaweka loudspeaker, nikaishika karibu na mdomo wa kuku. Mama akapokea. Kuku akalia mara moja.

"Kuku, nimekusikia. Sema."

Nikasema yote. Damu, mayai, afisa. Sikuficha kitu.

Mama akauliza polepole.

"Kuku, wenzako walikufa kwa sababu yako?"

Nikajibu kwa niaba ya kuku kwamba huenda ni hivyo, lakini hakujua.

"Basi ningojeni. Nakuja."

Alikuja na leso nyeusi. Tulimchinja kuku, hatukumla, tukamzika ndani sana pamoja na mayai yake na nyasi zote za kwenye kiti. Mzee Kyalo hawezi kuona shimo bila kuomba, kwa hivyo aliomba. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na safari zake.

Baada ya kufukia nikasimama upande mmoja, mama upande wa pili, tumeangalia udongo. Mwende yuko katikati, na ameamua kabisa hatasaidia mtu. Mkalimani tumeshamzika.

Mama akatembea mpaka kwa vifaranga wangu, akasimama mbele ya karai la dawa. Wote walikuwa hai, wameanza kuota manyoya, wanakimbizana. Akawasikiza. Halafu akageuza uso, akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe bintiye.

"Mwanangu," akasema, "nivue viatu, ama nikanyage navyo?"

Mtoto wangu wa mwisho ndiye aliyemwambia akanyage navyo, huku amenishika suruali.

Nilichojifunza: kuku aliyepona si mwalimu, mweke mbali na apimwe. Dawa ya mlangoni ikichafuka ibadilishe, hata kama kuna foleni. Na neno gumu kwa mtu unayemheshimu, liseme mapema, hata ukipitia kwa kuku.

Mama amekaa hapa wiki hii. Tunaongea, lakini bado tumeangalia pembeni. Jana aliniuliza kwa ile pikapu sasa analala nani.

Wenye mmepitia haya ya vifaranga, au ya wakwe, wekeni yenu hapa chini. Nasoma zote.